Kesi ya "Nipigie"

Msikilizaji, kama uliwahi kuishiwa salio ukamtumia ndugu yako ujumbe wa "tafadhali nipigie", kesi hii inakuhusu.

Mwaka 2000, huko Afrika Kusini, kijana Nkosana Makate alikuwa akijifunza uhasibu katika kampuni ya simu ya Vodacom. Mchumba wake alikuwa mbali masomoni, hana hela ya vocha. Makate akabuni namna ya mtu asiye na salio kumbipu mwenzake. Mkuu wa idara mmoja akamuahidi mgao iwapo wazo lingezaa faida. Huduma ikaanza 2001. Mgao haukuja, na mwaka 2008 akafungua kesi.

Vijiweni watu wakagawanyika. Kampuni imemwibia kijana! Hapana, alikuwa akilipwa mshahara! Hata mimi moyo wangu ulikuwa kwa Makate, na sijutii huruma hiyo. Lakini sote tulibishania wazo ni la nani, kumbe kesi ilikuwa inaelekea kwingine kabisa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ahadi ilitolewa, na bado Makate akashindwa: aliyemuahidi hakuwa na mamlaka ya kuahidi kwa niaba ya kampuni, na dai lilikuwa limepitwa na muda wa miaka 3 uliowekwa kisheria. Nani kati yetu alikuwa amewaza habari za ukomo wa muda?

Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikapindua uamuzi huo. Ilisema kampuni yenyewe ndiyo iliyomweka mkuu yule mbele ya watu kama mwenye mamlaka, na kwamba dai lile si deni la aina inayokusudiwa na sheria ya ukomo. Watu wakashangilia wakidhani yameisha, kumbe ubishi wa kiasi cha malipo ulikuwa bado. Mwaka 2019 mtendaji mkuu wa kampuni akapanga malipo ya randi milioni 47, Makate akakataa. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Rufani ikampa asilimia 5 hadi 7.5 ya mapato ya huduma hiyo. Julai 2025 Mahakama ya Katiba ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa hoja za kampuni hazikupimwa ipasavyo, ikaagiza rufaa isikilizwe upya na majaji wengine.

Nawakumbusha kesi hii kwa sababu siku hizi hati ya madai ikifika mahakamani asubuhi, jioni imeshaenea WhatsApp. Yale ni maneno ya upande mmoja. Majibu ya mdaiwa yakija wiki kadhaa baadaye, hakuna anayeyasambaza, na wateja wameshamkimbia. Au mdai ameshaitwa tapeli mtaani kwake, kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa. Nawaomba sana, tuwaache wasikilizwe.

Ama kesi yenyewe, Novemba 2025 Makate na Vodacom walimalizana nje ya mahakama. Kiasi walichokubaliana hakikutangazwa.