Taa ya Redio na Umeme Uliobaki

Fungueni madaftari yenu, tuanze somo.

Katika nchi nyingi wako watu wenye leseni ya kuzungumza wao kwa wao kwa redio, si kwa kutafuta fedha, bali kwa kupenda ufundi. Hao ni watu wa redio ya ridhaa. Mmoja wao akitaka sauti yake ifike mbali, huongeza nguvu ya mawimbi kwa chombo kiitwacho amplifaya. Hata leo, katika amplifaya nyingi kubwa, kazi hiyo hufanywa na taa ya redio.

Taa hii ni chupa iliyotolewa hewa yote. Katikati mna uzi wa madini. Uzi ukipata moto hutoa chembe ndogo za umeme, ziitwazo elektroni. Kikombe kinachouzunguka, kiitwacho anodi, huzivuta chembe hizo. Kati ya uzi na kikombe mna wavu, ulioongezwa na Lee de Forest wa Marekani mwaka 1906. Wavu ni kama lango la mfereji shambani: mkono mmoja hulisogeza, nalo huzuia au huruhusu maji mengi. Ndivyo mawimbi madogo yanavyotawala nguvu kubwa.

Lakini angalieni hesabu hii. Taa iitwayo 3-500Z huwashwa uzi wake kwa volti 5 tu, bali anodi yake hupewa kama volti 3000. Umeme wa nyumbani, volti 230 hivi, huua. Sembuse huo?

Sasa sikilizeni vizuri. Ukizima swichi, umeme haujaisha. Ndani mna kapasita, nazo huweka umeme kama mtungi uwekavyo maji. Taa imezimika, chombo kimya, nawe waingiza mkono. Kumbe mtungi umejaa!

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Kwanza, zima swichi, kisha chomoa waya ukutani. Pili, ngoja dakika kadhaa umeme upungue. Tatu, pima kwa mita iwezayo volti nyingi hivyo. Nne, gusa penye umeme kwa waya wa ardhi uliofungwa kwenye fimbo isiyopitisha umeme. Tano, uache waya huo hapo mpaka umalize kazi. Wala usifanye kazi hii peke yako.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.

Swali la daftari: Kwa nini kuzima swichi hakutoshi? Mwandikieni mwalimu wenu jibu. Kwaherini.