Fungu la Mji Hugawanywaje? Mazoezi ya Hesabu za Kwa Mia

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake. Katika somo lililopita tulijifunza maana ya "kwa mia". Tulisema kwamba 15 kwa mia ni sehemu 15 za kitu kilichokatwa sehemu 100 zilizo sawa. Labda mmoja wenu alijiuliza moyoni, "Hesabu hizi zitanifaa nini mimi, ambaye si karani wala mfanya biashara?" Leo nataka kumjibu. Nitawaonyesha mahali ambapo hesabu za kwa mia huamua kama paa la mwanamke mzee litatengenezwa mwaka huu, au litaendelea kuvuja.

Mahali penyewe ni mbali. Ni mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, nchi ya Marekani, kando ya Ziwa Erie. Nimeuchagua kwa sababu mambo yake yanaonekana wazi, na tena kwa sababu siku hizi huko wako watu wasemao Kiswahili, hasa wakimbizi waliotoka Kongo. Swali la nani apate nini linawahusu hao kama linavyowahusu wenyeji.

Sasa andikeni. Mwaka 1950, Cleveland ilikuwa na watu 914,808. Mwaka 2020 watu walipohesabiwa tena walikuwa 372,624. Toeni hesabu ya pili katika ya kwanza. Msiharakishe, nitangoja.

Jibu ni 542,184. Watu zaidi ya nusu wametoweka! Walikwenda wapi? Hawakuuawa kwa vita wala kwa tauni. Wengi walihamia miji midogo ya pembeni, na viwanda vikubwa vya chuma na vinginevyo vilipunguza kazi au vikafungwa. Lakini mtu ahamaye habebi barabara wala bomba la maji. Bomba lililofukiwa kwa ajili ya watu laki tisa lina urefu ule ule leo, ila wa kulilipia hawafiki laki nne. Na nyumba nyingi zilibaki tupu, milango wazi, watoto wakicheza ndani yake na wahuni wakilala humo. Jirani aliyebaki akaona thamani ya nyumba yake inashuka mwaka hata mwaka, bila kosa lake.

Mji wa namna hiyo hauwezi kujitengeneza kwa kodi zake peke yake. Basi hupata msaada kutoka Serikali Kuu ya Marekani, iliyoko Washington. Msaada huo huitwa ruzuku ya maendeleo ya jamii. Ruzuku ni fedha zitolewazo bila kurudishwa, si mkopo. Sheria yake ilitiwa sahihi na Rais Gerald Ford tarehe 22 Agosti, 1974. Kabla ya hapo, mji ulipotaka fedha za kubomoa nyumba mbovu uliomba katika mpango mmoja, na ulipotaka fedha za mifereji uliomba katika mpango mwingine, na kila mpango ulikuwa na masharti yake na fomu zake. Sheria ya 1974 iliiunganisha mipango kadha wa kadha kuwa fungu moja. Mji hupewa fungu kila mwaka, kisha wenyewe huamua walitumieje, lakini ndani ya mipaka.

Huenda ukauliza: Washington hujuaje mji huu upewe kiasi gani? Kuna kanuni mbili za hesabu. Kanuni ya kwanza hutazama wingi wa watu, wingi wa maskini, na nyumba zilizosongamana watu. Kanuni ya pili hutazama nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1940, ambazo zina uzito wa 50 kwa mia. Na maskini, 30 kwa mia. Na mwisho, jinsi mji ulivyobaki nyuma katika kuongezeka watu tangu mwaka 1960, 20 kwa mia. Jumlisheni: 50 na 30 na 20. Ni mia kamili. Idara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji hupiga hesabu zote mbili, na mji huhesabiwa kwa ile iliyo kubwa. Kisha miji yote hupunguziwa kidogo kwa kadiri moja, ili jumla isipite fedha zilizotolewa na Bunge.

Mmeona mambo? Cleveland ina nyumba kuukuu nyingi, ina maskini wengi, na watu wake wamepungua. Kanuni ya pili inaifaa sana. Ndiyo maana mji huu usio mkubwa tena umekuwa ukipata zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka katika miaka ya karibuni.

Tuchukue dola 20,000,000 kamili, ili hesabu iwe rahisi. Andikeni juu ya ukurasa mpya. Sasa tuingie katika mipaka.

Mpaka wa kwanza ni wa kazi ya ofisi. Makarani, wapimaji, na watengenezaji wa mipango wasichukue zaidi ya 20 kwa mia. Ishirini kwa mia ya milioni 20 ni milioni 4. Zinabaki milioni 16.

Mpaka wa pili ndio moyo wa sheria. Katika hizo milioni 16, si chini ya 70 kwa mia lazima ziwafae watu wenye kipato kidogo au cha wastani. Fanyeni: milioni 16 mara 70, gawanya kwa 100. Ni dola 11,200,000. Mtu wa kipato kidogo au cha wastani ni nani? Sheria haikuacha jambo hili kwa maneno ya mitaani. Hutazamwa kipato cha kati cha watu wa sehemu ile, na jamaa isiyopita 80 kwa mia ya kipato hicho ndiyo ihesabiwayo. Zinazobaki zaweza kutumiwa kuondoa majengo mabovu yanayoharibu mtaa, au kwa shida ya ghafula, kama mafuriko, mji usipokuwa na fedha nyingine.

Lakini barabara hupitwa na kila mtu, tajiri na maskini. Utasemaje kwamba njia ya waendao kwa miguu imewafaa maskini? Hapo kuna hesabu nyingine. Hutazamwa watu wanaokaa katika mtaa unaohudumiwa na njia ile. Wakiwa angalau 51 kwa mia ni wa kipato kidogo au cha wastani, njia huhesabiwa kuwa yao. Wakiwa 47, kwa kawaida haihesabiwi.

Mpaka wa tatu ndio uletao ugomvi mwingi, nami nitakaa hapo kidogo. Fedha za huduma, yaani kulea watoto wakati mama yuko kazini, kuwafundisha vijana baada ya shule, chakula cha wazee, mashauri kwa wanaotaka kufukuzwa katika nyumba walizopanga, zote pamoja kwa kawaida zisizidi 15 kwa mia ya fungu. Kumi na tano kwa mia ya milioni 20 ni milioni 3. Dola milioni 3 zaonekana nyingi, sivyo? Gawanyeni kwa vyama 60, kila kimoja ni dola 50,000. Huo ni mshahara wa mfanya kazi mmoja, labda na kodi ya chumba.

Kwa hiyo huwa hivi. Chumba cha mkutano kimejaa. Anasimama bibi wa jumuiya ya kugawa chakula, anasimama mwalimu wa vijana, anasimama mtu wa makao ya wasio na nyumba. Wote wanasema kweli. Wote wanaomba katika milioni zile zile 3. Na upande wa pili ziko milioni 13, lakini hizo ni za mapaa, mifereji, njia, kubomoa, kukopesha wenye maduka madogo. Bibi wa chakula hawezi kuzigusa kwa kununulia unga, hata kama madiwani wote wanampenda. Akiomba fedha za kutengeneza jengo la ghala lake, hapo ameingia mlango mwingine, na mlango huo ni mpana zaidi. Mimi naona kwamba mtu asiyeambiwa jambo hili mapema ameonewa, kwa maana atarudi nyumbani akidhani amenyimwa kwa chuki.

Yako pia mambo ambayo fungu hili haliwezi kufanya kabisa. Haliwezi kujenga ofisi za baraza la mji. Haliwezi kutumiwa kwa kampeni za siasa. Na kwa kawaida haliwezi kulipia kazi za kila siku za utunzaji, kama kuziba mashimo ya barabara.

Je, nani hutoa neno la mwisho katika mji? Ofisi ya meya hutengeneza mpango, na Baraza la Mji huupitisha. Cleveland imekuwa na desturi yake: kwa miaka mingi sehemu ya fungu ilitengwa kwa kata, kila diwani akiwa na sehemu ya kata yake, naye akisema chama gani cha maendeleo ya mtaa kipewe. Wako wanaoisifu desturi hiyo. Wanasema diwani anaujua mtaa wake kuliko karani. Wengine wanailaumu. Fikirini wenyewe: kata mbili, moja ina nyumba mbovu nyingi na nyingine ina chache, zikigawiwa sawasawa, je, hiyo ni haki? Nyumbani ukiwa na watoto wawili, mmoja mgonjwa na mmoja mzima, dawa huzigawi nusu kwa nusu. Lakini nakiri kwamba mgao wa sawasawa una faida moja: madiwani hawagombani, na mpango hupita upesi.

Sasa nataka mjiweke mahali pa mama mmoja. Tuseme amefika Cleveland kutoka Kongo pamoja na watoto wanne. Anafanya kazi ya usafi usiku. Njia iliyo mbele ya nyumba yake imevunjika, na mwanawe mmoja huenda kwa kiti cha magurudumu. Afanye nini?

Sheria inataka mji ufanye mikutano ya hadhara angalau miwili kila mwaka, na mmoja wao uwe kabla mpango haujatangazwa. Huo wa kwanza ndio wa kwenda. Watu wengi huja katika ule wa mwisho, hesabu zimekwisha kuandikwa, na kila dola ina mwenyewe. Basi kumpa mmoja ni kumnyang'anya mwingine. Mama huyu akienda mapema, njia yake yaweza kuingia katika orodha ya kazi za kupimwa. Kama Kiingereza kinampa taabu, aseme kabla ya siku ya mkutano. Mji unatakiwa kueleza jinsi utakavyowasaidia wasiojua Kiingereza, ikitazamiwa kwamba wengi wao watahudhuria. Kuomba mkalimani si kuomba sadaka.

Mpango ukiisha kuandikwa, mji lazima uutangaze na kuwapa watu siku 30 za kuusoma na kutoa maoni. Hapa ndipo kusoma kunapoleta faida. Mama asitafute maneno makubwa ya mbele. Aende kwenye orodha ya kazi, atafute jina la mtaa wake, halafu aangalie fedha zilizoandikwa mkabala wake. Kama mtaa haumo, aandike barua fupi: jina la njia, urefu ulioharibika, watu wangapi hupita, kwa nini ni hatari. Barua yake haiwezi kutupwa kimya kimya. Mji lazima uambatishe muhtasari wa maoni yote, na kwa yale yasiyokubaliwa utaje sababu. Kisha mpango hupelekwa Washington, angalau siku 45 kabla ya mwaka wa kazi kuanza.

Mwaka ukiisha, mji una siku 90 za kutoa taarifa: fedha zilikwenda wapi, na zilimfaa nani. Taarifa hiyo nayo husomwa na wananchi kabla ya kupelekwa. Na mji ulimbikizao fedha hupata matatizo. Siku 60 kabla ya mwisho wa mwaka, fedha zisizotumika zisizidi fungu la mwaka mmoja na nusu. Kwa mfano wetu, ni milioni 30.

Jambo moja zaidi, kwa ufupi. Fungu hili halina hakika ya milele, maana Bunge hulipitisha upya kila mwaka. Mwaka 2017 Rais Donald Trump alipendekeza lifutwe kabisa. Bunge halikukubali, na mwaka 2018 likaliongeza. Mwaka 2025 akapendekeza hivyo tena.

Mazoezi ya nyumbani ni haya. La kwanza: mtaa una watu 400, na katika hao 230 ni wa kipato kidogo au cha wastani. Ni ngapi kwa mia? Je, njia yao inaweza kutengenezwa kwa fungu hili? La pili: mtaa wa jirani una watu 400, na wa namna hiyo ni 190. Fanyeni vile vile. La tatu si hesabu. Andikeni barua ya mistari sita kwa baraza la mji, kama vile ninyi ndio mama yule, mkieleza habari ya njia iliyovunjika. Mwalimu wa darasa lenu ataisahihisha, nasi tutasoma majibu ya hesabu mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.