Mama Anaposomea Uuguzi: Tuchange Fedha, Tuchange na Saa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Fort Ternan)



Leo hatukuja kuongea juu ya kahawa wala mbuzi wa maziwa. Tumekuja kuongea juu ya saa.

Mnakumbuka miaka michache iliyopita mama mmoja wa kwetu alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Alikuwa na watoto watatu, na yule wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Tulifurahi sana. Tukaitisha harambee. Huyu akaleta jogoo, yule akaleta gunia la mahindi, vikapigwa mnada. Karo ya kwanza ikapatikana yote. Tukaimba, tukaenda nyumbani.

Mwaka wa pili mama yule alirudi na sanduku lake. Watu wakasema masomo yamemshinda. Sisi tulipomtembelea alitoa karatasi za mitihani. Alikuwa amepita yote. Kilichomshinda hakikuwa kitabu. Kilichomshinda ni saa moja na nusu ya asubuhi.

Hiyo ndiyo saa aliyotakiwa kuwa wodini, amevaa sare. Mtoto alipougua, mama aliacha kulala chuoni akaanza kusafiri kila siku. Aliamka saa tisa usiku. Gari la kwanza halitoki steji mpaka lijae. Jioni, zamu ya mchana ikimalizika, giza limeingia na gari la kurudi huku hakuna. Akachelewa leo, akachelewa kesho. Na saa za wodini huhesabiwa. Ukizikosa, lazima uzilipe kabla ya kufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi. Deni likawa kubwa.

Ndugu zangu, hapa hatumlaumu mtu mwingine. Tujilaumu sisi. Tulitoa fedha tukadhani tumemaliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: mtoto atalala na nani?

Kwa nini masomo haya ni magumu kwa mwenye familia? Uuguzi haujifunzwi darasani peke yake. Wodi hailali, na mwanafunzi lazima ajifunze usiku kama mchana. Mwaka 1860 Florence Nightingale alipoanzisha shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, wanafunzi walilala humo humo hospitalini. Mpango huo ulienea sehemu nyingi za dunia. Ulimfaa msichana asiye na sufuria inayomngoja nyumbani.

Hapa Kenya njia nyingine ilijaribiwa. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi na Wizara ya Afya, lilianza mafunzo kwa kompyuta, ili wauguzi wa cheti wapate diploma bila kuacha kazi. Waliolengwa walikuwa zaidi ya 20,000. Walisoma huko huko waliko. Lakini hao walikuwa wauguzi tayari. Anayeanza hana njia ya mkato: kompyuta haiwezi kumfundisha mkono wake kumpokea mtoto anayezaliwa. Lazima aende, na sisi lazima tubaki na nyumba yake.

Kwa hivyo tufanye nini?

Kwanza, ratiba itangulie karo. Kabla ya harambee, mwanafunzi aulize chuo mambo matatu. Zamu zinaanza na kumalizika saa ngapi? Zamu za usiku zitakuja lini? Mazoezi ya nje ya chuo yatafanyiwa wapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi kubwa, yabandikwe ukutani nyumbani.

Pili, tupige hesabu ya safari. Chukua nauli ya siku moja, kwenda na kurudi, uzidishe kwa siku 20. Linganisha na kodi ya chumba karibu na hospitali, wakichangia wanafunzi wawili. Huenda chumba kikawa rahisi kuliko gari. Na Kericho mnaijua, mvua ya alasiri haikosi. Wiki za wodi alale huko, siku za mapumziko aje nyumbani.

Tatu, akina baba. Tafadhali msikasirike. Kumwosha mtoto hakupunguzi ndevu. Baba akijua kupika uji na kupeleka mtoto kliniki, mama atasoma kwa moyo uliotulia. Na mzigo huu usitupiwe binti mkubwa. Tukiokoa masomo ya mama kwa kuua masomo ya binti, tumejenga nini?

Nne, mtoto anayenyonya. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Kama mtoto bado mchanga, mama aulize chuo kama anaweza kuanza na kundi litakalofuata. Kama haiwezekani, yeye na atakayebaki na mtoto waende kliniki pamoja, wafundishwe kukamua maziwa, kuyatunza, na kumnywesha mtoto kwa kikombe safi.

Tano, kikundi. Tunajua kuzungusha fedha, kila mwezi zamu ya mtu. Basi tuzungushe na siku. Jumatatu huyu anapokea watoto wakitoka shule. Jumanne yule anakamua ng'ombe. Wakati wa palizi tunampa asubuhi moja shambani. Iandikwe kwenye kitabu kama deni la fedha, na asiyekuja aulizwe kama asiyelipa.

Mwisho, mwanafunzi mwenyewe. Mambo yakiharibika, amwambie mwalimu wake mapema, siyo baada ya kukosa mara tatu. Na sisi majirani tumwache alale. Akitoka zamu ya usiku asubuhi, huyo hajaja likizo. Tusimbishie mlango saa nne tukitaka aangalie kidonda.

Ndugu zangu, tukiwa wagonjwa tunapenda kuhudumiwa na muuguzi anayejua lugha yetu na njia ya kwetu. Muuguzi kama huyo hatatoka mbali. Atatoka katika vikundi hivi.

Yule mama ametuambia angependa kujaribu tena. Mtoto wake sasa anaenda nasari. Kwa hivyo Katibu, tafadhali fungua ukurasa mpya. Safari hii, kabla ya mtu kutoa shilingi, tuandike: Jumatatu, nani?