Vita vya Mbali na Mpaka Wetu
(Hotuba kwa wananchi wa Nabuyoga)



Huulizwa mara kwa mara: Somalia yatuhusu nini sisi? Machi 2007 wanajeshi wa Uganda walitangulia kutua Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika. Tarehe 11 Julai 2010 al-Shabaab wakalipiza kisasi Kampala, wakawaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Oktoba 2011 Kenya nayo ikaingia Somalia. Nchi mbili ambazo mwaka 1987 zilirushiana risasi pale Busia, wazee mnakumbuka, zikawa upande mmoja vitani.

Marekani ilifunza askari, Umoja wa Ulaya ukalipa posho, na sauti ya Kampala ikasikika mbali kuliko ukubwa wa nchi yetu. Lakini anayelipa ndiye anayepanga: mwaka 2016 Ulaya ilipunguza posho hiyo, na askari walikuwa bado mahandakini. Mwaka 2021 mabomu yalipolipuka tena Kampala, adui aliyetajwa ni ADF, na majeshi yetu yakaelekea Kongo.

Mkataba wa wakubwa huishia mlangoni kwa mwananchi. Baada ya shambulio la 2010, watuhumiwa kadhaa walitolewa Kenya wakaletwa Uganda kwa haraka, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba sheria haikufuatwa. Nalitaja hili makusudi. Mtu wa hapa ana shangazi ng'ambo, ana mpwa aendeshaye bodaboda Busia ya Kenya. Akiona mgeni wa kutiliwa shaka hunyamaza, akihofu kwamba taarifa yake itamvusha mpwa wake usiku, asijulikane alipo. Kimya hicho ndicho kinachompa mhalifu pa kulala.

Basi jueni haki zenu. Katiba ya Uganda yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ya Kenya, saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa mahakama imefungwa. Jamaa zake wajulishwe mapema. Kumpeleka mtuhumiwa nchi ya pili ni kazi ya hakimu. Makubaliano ya maofisa wawili kwa simu hayatoshi, hata wawe marafiki wa namna gani. Njia ya panya ni haramu kwa mfanya magendo, na ni haramu kwa askari pia.

Sasa naomba maswali, tuanze na akina mama walioketi nyuma.