NENO LA TAWI: MTEJA WA NYUMBANI KWANZA

Haya ndiyo tuliyosema kikaoni, kwa faida ya wasiofika.

AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na uwanja unajengwa hapa kwetu Arusha, kule Olmoti. Tufurahi, lakini tukumbuke: wageni watakaa wiki chache, wataondoka. Tukikopa kujaza mzigo kwa ajili yao tu, tutabaki na madeni. Anayetulisha mwaka mzima ni mteja wa Kilombero, Ngaramtoni na Tengeru, na huyo tunampoteza kwa mambo madogo.

Tumekubaliana manne:

1. Bei iandikwe, ionekane. Mteja anayeona aibu kuuliza hupita.
2. Jina lako na namba ya simu viwe kwenye kila mfuko.
3. Uwe na daftari la wateja. Siku moja kabla ya gulio watumie ujumbe: una nini, bei gani.
4. Picha ipigwe mchana, ya bidhaa yako mwenyewe, siyo ya kuokota mtandaoni.

Aliyeanza daftari amwelekeze mwenzake. Mgeni atakapofika, akute biashara iliyosimama.

Kazi njema, ndugu zetu.