Klabu za Wanafunzi na Nafasi ya Kusomea Biashara Chuo Kikuu

Hotuba kwa wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne



Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, kuna swali linaloulizwa katika nyumba nyingi. Kijana alikuwa mwenyekiti wa klabu ya biashara shuleni na ana vyeti kadhaa vya mashindano. Amepata C+ na anatamani kusomea biashara katika chuo kikuu kikubwa cha umma. Je, vyeti hivyo vitamsaidia kupata nafasi?

Jibu ni hapana, na ni heri mzazi alijue mapema, kabla hajauza ng'ombe.

Nafasi za wanafunzi wa serikali hugawanywa na KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kuchukua kazi iliyokuwa ya bodi ya JAB. Katika hesabu yake hakuna mahali pa kuandika klabu. Huangaliwa matokeo ya jumla ya mtihani, masomo manne yanayohusu kozi, na machaguo ya mwanafunzi mwenyewe. A moja ina pointi 12, kwa hiyo masomo manne hayawezi kuzidi pointi 48. Kwa kozi za biashara, hisabati huhesabiwa, pamoja na Kiingereza au Kiswahili. Kijana aliyeongoza klabu tatu na yule ambaye hakuongoza hata moja wakiwa na pointi sawa, mbele ya hesabu hiyo wako sawa.

Wazazi wengi hudhani C+ inatosha. C+ humruhusu mwanafunzi kuomba shahada, lakini haimhakikishii shahada ya biashara katika chuo anachokitaka. Pointi za mwisho za kozi hutokana na ushindani wa mwaka huo: ni zile za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi. Ndiyo maana tovuti ya KUCCPS huonyesha pointi za mwisho za miaka iliyopita. Kijana anayeketi saiba kujaza machaguo yake azisome kwanza, kisha azilinganishe na zake. Akijaza vyuo vyenye ushindani mkali peke yake, anaweza kuzikosa nafasi zote na kubaki akisubiri marekebisho. Chaguo moja liwe la ndoto, mengine yawe ya kweli. Aliyepata C- anaweza kuanzia diploma, kisha aombe shahada baadaye kwa masharti ya chuo husika.

Kwa hiyo mtu akija nyumbani na kusema kwamba kwa cheti fulani cha klabu na pesa kidogo za kuharakisha mambo atamwingiza mtoto chuoni, huyo ni tapeli. Hakuna mlango huo. Apelekwe kwa chifu au kituo cha polisi.

Dhana hii ya vyeti haikutoka hewani. Vijana husoma kwenye simu habari za vyuo vya Marekani, na huko utaratibu ni mwingine. Katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, ambacho pia ni cha umma, fomu ya maombi ina sehemu ya kueleza shughuli za nje ya darasa na maswali ya kujibu kwa insha. Huko klabu inaweza kumsaidia mwombaji. Kijana akichanganya taratibu hizi mbili, anaweza kupuuza hisabati akitegemea cheti.

Je, basi klabu hazina maana? Zina maana kubwa, ila maana yake huanza baada ya kuingia.

Akina mama wa hapa wanajua chama. Katika chama kuna mweka hazina anayeshika pesa zisizo zake, katibu anayeandika kumbukumbu, na mwenyekiti anayewapatanisha wanaogombana kuhusu mkopo. Klabu ya wanafunzi ni shule ya namna hiyo. Mhadhiri atamfundisha kijana mizania ubaoni, lakini klabu itampa daftari lenye pesa halisi za wenzake na kumtaka aeleze zilikokwenda.

Zipo nyingi. Katika Enactus, wanafunzi hubuni miradi ya biashara inayosaidia jamii, kisha hushindana na vyuo vingine. AIESEC huwapa vijana nafasi za kujitolea na kufanya kazi nje ya nchi. Rotaract huwafunza huduma kwa jamii. Soko la Hisa la Nairobi nalo huendesha shindano ambamo wanafunzi hununua na kuuza hisa kwa pesa za kuigiza, wakajifunza hasara bila kuumia.

Siku ya kutafuta mafunzo ya kazini, watu mia wanaweza kufika na shahada ileile. Mwajiri atauliza: umewahi kufanya nini? Hapo ndipo mwanafunzi aliyesimamia mradi anapopata la kusema.

Linalosikitisha ni kwamba kijana wa kutoka kijijini ndiye mara nyingi hukaa pembeni. Huona klabu ni za wanaoongea Kiingereza cha mjini na wenye viatu vizuri. Anamaliza miaka minne akijua darasa, bweni na stendi ya matatu tu. Mzazi anaweza kulizuia hili kwa neno moja siku ya kumsindikiza: jiunge na klabu moja, na ufanye kazi ndani yake.

Moja inatosha. Anayejiunga na tano hukosa vipindi, na anayetaka shahada ya uzamili ya biashara baadaye ataulizwa daraja la shahada yake ya kwanza. Kabla ya kulipa ada yoyote, aulize katika ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi kama klabu hiyo imesajiliwa, na adai risiti.

Kwa sasa, vijana, kazi ni hii: someni pointi zenu, jazeni machaguo kwa makini, ombeni mkopo wa HELB kwa wakati, na msimpe mtu yeyote nywila yenu. Vyeti vya klabu viwekeni salama. Havitawaingiza chuoni, lakini mazoea mliyoyapata mkivitafuta mtayahitaji mkishaingia.