Shamba Alilolipenda Abu Talha



Sahaba Abu Talha (R.A.) alikuwa na mitende mingi kuliko Ansari wote wa Madina. Shamba alilolipenda zaidi ni Bairuhaa, lililoelekeana na Msikiti; Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Ilipoteremka aya ya 92 ya Suratu Aali Imran, ifundishayo kuwa hatuufikii wema mpaka tutoe tukipendacho, alilitoa shamba hilo sadaka. Mtume akamshauri awape jamaa zake. Naye akawagawia wao na wana wa ami zake.

Basi sisi wakulima, jamaa zetu wahitaji tunawapelekea nini? Tusiwape makapi tukajiwekea punje. Mwenyezi Mungu atujaalie moyo huo. Amin.